Fundi, mazabodi haijafa!

Wadau, leo nimekuja na hasira, mnivumilie.

Jirani yangu hapa Mbezi Beach, kijana anayejitafutia riziki, anarekodi yale matangazo ya wamachinga tunayoyasikia kutwa nzima: dawa ya mende, dawa ya panya, dawa ya kunguni. Mtaji wake ni kompyuta ya mezani ya mtumba, maiki na spika mbili. Basi. Siku moja kompyuta ikanyamaza. Akaipakia kwenye bodaboda hadi kwa fundi. Fundi akaifungua, akapuliza vumbi, akatoa hukumu: "Dogo, mazabodi imekufa. Lete laki mbili na nusu."

Kijana akaanza kutafuta mteja wa spika. Auze spika ili apate sauti! Jamani!

Nikamwambia asubiri kwanza. Tukaanza na vipimo vya bure. Hedifoni tukazijaribu kwenye simu, zinalia. Kwenye kompyuta, kimya. Tukaiwasha kwa Linux iliyo kwenye flashi bila kugusa Windows, bado kimya. Ingelia hapo, tungejua tatizo ni draiva, na hiyo unaisakinisha upya bila kununua kifaa. Ikabaki chipu ya sauti au tundu lake. Lakini kompyuta inawaka, inafungua mafaili, inaandika. Sasa mazabodi imekufaje?

Tukapanda daladala hadi Kariakoo, tukanunua kadi ya sauti ya USB, kidude cha ukubwa wa kidole gumba. Elfu kumi ikatoka na chenji ikarudi. Tukachomeka, tukaichagua kwenye mipangilio ya sauti, spika zikalia. Maiki nayo ikashika.

Hii si kazi ya kubandika viraka. Zamani sauti ya kompyuta ilitoka kwenye kadi ya pembeni. Kampuni ya Creative ya Singapore ilitoa Sound Blaster mwaka 1989, na watu walizinunua na kuzifunga wenyewe. Baada ya Intel kutoa utaratibu wa AC'97, ndipo chipu ya sauti ikawa jambo la kawaida juu ya mazabodi. Mwenye kompyuta ya mezani anaweza hata kufunga kadi ya ndani, kisha akaizima ile chipu mbovu kupitia BIOS.

Nisieleweke vibaya. Kompyuta isipowaka kabisa, mazabodi inaweza kweli kuwa imekufa. Na kama spika za laptopu zimechanika, kadi haitazishona. Utahitaji hedifoni au spika za nje. Lakini fundi anayeruka vipimo vyote na kwenda moja kwa moja kwenye laki mbili na nusu, huyo si fundi, ni dalali wa vipuri.

Mtasema naye ana familia. Kweli, na hapa sisi wateja tuna kosa letu. Hatutaki kulipia kupima, tunataka kulipia kifaa tunachokiona kwa macho. Basi naye anatuuzia kifaa. Tumlipe kwa kupima, halafu tumuulize swali moja: "Umejuaje?" Akishindwa kujibu, beba kompyuta yako uondoke.

Ni hayo tu kwa leo. Hapa ninapoandika, dirishani linapita tangazo la dawa ya mende. Sijawahi kulifurahia kiasi hiki.