Ganzi ya Mdomo Baada ya Kukatwa Rovu

Mwezi huu meza yangu ina barua ya kaka mmoja wa Usagara, pale Tanga mjini. Ndoa ina miaka miwili. Mkewe alikatwa rovu, au goita kama wengi tunavyoita, kidonda kikapona vizuri na kovu likafunikwa na ushungi. Lakini tangu hapo dada analalamika midomo inakufa ganzi, vidole vinamchoma kama katembelewa na siafu, na usiku mikono inakakamaa. Mama mkwe kasema ni mapepo. Kaka mwenyewe anaona mke anadeka. Wamepima damu, homoni ya parathairoidi ikasoma 18, na karatasi ya maabara inasema kawaida ni 15 hadi 65. Sasa ananiuliza: “Anti, huyu si ananiigizia?”

Kaka yangu, hakuigizii. Tena hiyo karatasi uliyoishika kama ushahidi ndiyo inayomtetea.

Nyuma ya tezi ya thairoidi, ile inayovimba ikawa rovu, kuna vitezi vidogo ambavyo kwa watu wengi huwa vinne, kila kimoja kama punje ya mchele. Ni vidogo kiasi kwamba kwa binadamu havikuelezwa sawasawa mpaka mwaka 1880, na aliyevieleza ni Ivar Sandström, kijana aliyekuwa bado anasomea udaktari kule Uppsala, Sweden. Kazi yao ni kuchunga kalsiamu kwenye damu. Ikishuka kidogo tu, vinamwaga homoni. Homoni inachota kalsiamu kwenye mifupa, inaiambia figo isiimwage kwenye mkojo, halafu inaifanya figo iiamshe vitamini D ili utumbo ufyonze kalsiamu ya kwenye chakula.

Daktari anapotoa thairoidi, vitezi hivi vinaweza kupungukiwa damu au kuondoka nayo, hata mkono wa upasuaji ukiwa mzuri. Kwa wengi vinaamka tena baada ya siku au wiki chache. Wachache vinalala moja kwa moja. Kalsiamu ikishuka, mishipa ya fahamu inakuwa myepesi kushtuka, na ndiyo hiyo ganzi, mikono kukakamaa, wasiwasi usio na sababu, hata degedege. Sasa mtu akidondoka kwa degedege katikati ya sebule, ukoo mzima si utasema kapandisha?

Turudi kwenye ile 18. Barua inasema kalsiamu ilisoma 1.8, wakati kawaida ni kama 2.1 hadi 2.6. Kwa kalsiamu ya chini hivyo, vitezi vizima vingepiga kelele na homoni ingepanda kupita 65. Kubaki 18 maana yake mlinzi kasinzia na mwizi yuko ndani. Ndiyo maana homoni hii haisomwi peke yake, inasomwa na kalsiamu ya damu iliyotolewa saa ileile. Mara nyingi utaona wanajaza vichupa viwili. Kile cha kifuniko cha zambarau kina dawa inayoitunza homoni, ila dawa hiyohiyo inaikamata kalsiamu, kwa hiyo kalsiamu inahitaji kichupa chake. Na nyie mashosti wa vidonge vya nywele na kucha, vingi vina bayotini, ambayo kwa baadhi ya mashine huishusha namba ya homoni kwa uongo. Mwambie daktari kabla ya kutoa damu.

Najua kuna atakayesema dada aote jua tu. Jua tunalo: utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kwa Wamasai na Wahadzabe wa hapahapa Tanzania ulikuta wastani wa vitamini D wa 115, kiwango ambacho Wazungu wengi hawakifikii. Lakini bila homoni hii figo haiiamshi vitamini hiyo vya kutosha. Kwa hiyo madaktari hutoa vidonge vya kalsiamu pamoja na vitamini D iliyokwisha kuamshwa, na magnesiamu pia huangaliwa, maana ikiwa chini vitezi havifanyi kazi.

Mama akitaka mkwewe anywe kombe, anywe, sina ugomvi. Ila wewe, kaka, mrudishe kwa daktari wiki hii na karatasi zote mbili mkononi. Akibanwa koo, akipata degedege au mikono ikikakamaa isiachie, usingoje miadi, mpeleke usiku huohuo. Na kama mnapanga mtoto, semeni mapema, maana dozi hubadilika mama akiwa mjamzito na hata akinyonyesha.

Halafu mwombe radhi, bwana. Kwa neno “kudeka” peke yake unadaiwa kanga doti mbili.