Nyasi za Plastiki Juu ya Udongo wa Mfinyanzi: Mnauziwa Nusu ya Kitu

Wasomaji wangu, leo naweka programu kando kidogo. Nina ugomvi, na safari hii hauhusu Linux wala Windows. Unahusu grini ya gofu ya nyasi bandia, lile zulia la kijani lenye shimo ambalo watu hutandika nyuma ya nyumba ili wajifunze kusukuma mpira taratibu hadi shimoni.

Hapa Siongiroi, mjomba wangu aliletewa bei ya zulia hilo. Karatasi ilikuwa na mistari miwili tu: zulia kwa mita ya mraba, na fundi wa siku moja. Fyeka majani, sawazisha, tandika, basi. Eti halihitaji matunzo! Mimi nasema huo ni uuzaji wa nusu ya kitu, na kwa udongo wetu nusu iliyofichwa ndiyo kubwa.

Haya, tupige hesabu. Eneo lenyewe ni mita 4 kwa 8, yaani mita za mraba 32. Mvua ya milimita 25, ambayo huku inaweza kunyesha alasiri moja, humwaga hapo lita 800 za maji. Ziende wapi? Muuzaji atakuonyesha matundu chini ya zulia. Sawa, lakini chini ya matundu kuna nini? Mfinyanzi! Chembe zake ni ndogo kuliko milimita 0.002, na maji hupenya kati yake kwa shida. Ni kama kununua kompyuta ya kasi halafu uiunganishe na modemu ya simu ya mwaka 1998. Kasi ya mfumo mzima ni kasi ya sehemu yake iliyo pole kuliko zote.

Tena mfinyanzi hautulii. Ukilowa huvimba, ukikauka hunywea na kupasuka, na zulia hufuata kila bonde. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108 tu. Kibonde kidogo tu njiani kinatosha kuupotosha mpira, na mtoto atadhani hajui kucheza.

Najua jibu: "Maji yatamwagika pembeni." Pembeni kwa nani? Chini ya ua wa mjomba kuna mahindi ya jirani. Majani ya kawaida hupunguza mwendo wa maji. Ukiyang'oa na kuushindilia mfinyanzi bila kutengeneza njia ya maji, umemtumia jirani mafuriko yako bila kumpigia hodi.

Historia nayo inafundisha. Nyasi hizi zilipata umaarufu mwaka 1966 katika uwanja wa Astrodome, Houston, Marekani. Uwanja ule una paa. Vioo vya paa vilipakwa rangi kwa sababu wachezaji walikuwa hawauoni mpira, na nyasi halisi zikafa kwa kukosa mwanga. Ndipo plastiki ikaletwa. Yaani jina lilijengwa mahali mvua haiingii! Siongiroi hatuna paa, jamani.

Kazi kamili ni hii. Chimba kama sentimita 13, udongo uondoke. Acha mteremko wa asilimia 1, yaani sentimita 4 katika upana wa mita 4. Tandika kitambaa cha kutenganisha, kinachopitisha maji lakini kinazuia mfinyanzi usipande kwenye mawe. Mwaga kokoto zilizovunjwa, sentimita 10, ushindilie kwa tabaka mbili, kisha vumbi la kokoto juu. Upande wa chini weka bomba lenye matundu, lipeleke maji kwenye mtaro au tangi. Zulia huja mwisho, pamoja na mchanga wa kulishikilia, na mchanga huo hupigwa brashi mara kwa mara. Matunzo hayo!

Kokoto peke yake ni kama mita za ujazo 4, karibu tani 6. Katika karatasi ya mjomba haikuwapo hata wilbaro moja.

Wengine watasema naibania gofu isifike kwa mwananchi. Kinyume kabisa. Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, Kenya Open mwaka 1967, lakini mtoto wa Chepalungu bado huona gofu kwenye televisheni. Nataka ajifunzie nyumbani. Ndiyo maana inaniuma mzazi akiuza ng'ombe kununua zulia ambalo baada ya misimu miwili ya mvua litakuwa bwawa la vyura.

Kwa hiyo, kabla hujatoa pesa, chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena upime. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, udongo wako haunywi. Kwa mjomba yalishuka upana wa kidole. Kisha mwambie muuzaji aongeze mistari mitatu katika bei yake: kuchimba na kuondoa udongo, kokoto na kushindilia, njia ya maji. Akikataa, mrudishie karatasi yake. Na kama pesa haitoshi kwa mistari yote, punguza ukubwa wa grini, usipunguze kokoto. Mita 2 kwa 4 zilizo kavu zinamfundisha mtoto kuliko 32 zinazoelea.

Wauzaji mnaosoma hapa, uwanja wa maoni uko wazi. Njooni na vipimo, msije na picha.