Saratani ya Ini: Kisu Si Mwisho

Mgonjwa wa Muleba akisha kukatwa uvimbe wa saratani ya ini, jamaa hudhani maradhi yamekwisha. La hasha! Katika miaka 5 baada ya upasuaji, saratani hiyo huwarudia zaidi ya nusu ya wagonjwa. Picha za MRI zilizopigwa kabla ya upasuaji, zikionyesha uvimbe wenye kingo zilizoparaganyika, humdokezea daktari kwamba huenda chembe zake zimekwisha kupenya mishipa midogo ya damu. Mgonjwa huyo afuatiliwe kwa karibu zaidi. Lakini akirudi kijijini, nani atamfuatilia? Hapana budi hospitali za Bukoba na Muleba zipewe majina na tarehe zao. Wala mwalimu mkuu asimnyime mwalimu wake ruhusa ya kwenda Bugando, Mwanza, kupimwa tena, ati anaonekana mzima.