Safari ya Chaki Hadi Ngorongoro

Wazazi wenzetu, wiki hii tunapenda kuzungumzia safari isiyohitaji nauli. Walimu wa jiografia wanaifahamu. Madawati hupangwa mistari miwili kama viti vya basi, mwanafunzi mmoja huwa dereva, mwingine kondakta, na ramani ya nchi huchorwa kwa chaki sakafuni. Kisha darasa zima huondoka kwenda kujifunza mikoa ya Tanzania bila ya mtu kuvuka mlango. Mpita njia akichungulia dirishani hudhani ni mchezo. Sisi tunaihesabu kuwa ni elimu, ila kwa sharti moja.

Tuchukue mfano wa darasa la Tanga linalokwenda Karatu na Ngorongoro. Basi la madawati linapita Segera na Korogwe penye mashamba ya mkonge, kisha milima ya Usambara na ya Upare inafuatana nalo mkono wa kulia hadi Mwanga. Linafika Moshi, halafu Arusha. Kutoka hapo linashika njia ya Makuyuni hadi Mto wa Mbu, na kondakta anawataka abiria wajishike, kwa kuwa gari linapanda ukingo wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara likibaki chini. Huko juu ndiko Karatu, nchi ya udongo mwekundu, ngano, mahindi, mbaazi na kahawa, yenye baridi ambayo mtoto wa pwani hajaizoea. Mbele yake ni lango la Lodoare, kisha msitu, na ghafla kreta inafunuka. Ni bonde lililobaki baada ya mlima wa volkano kuporomoka zamani sana, lenye kina cha mita 600 hivi na upana wa kilomita zipatazo 20.

Sasa mwalimu awaambie watoto wachore wanyama waliomo ndani ya kreta. Hatutashangaa wengi wakichora twiga, mnyama wa taifa. Lakini twiga hawaishi ndani ya kreta. Wamo simba, nyumbu, pundamilia, faru weusi na heroe wa Ziwa Magadi. Twiga hubaki nje, na sababu itajwayo zaidi ni ule mteremko mkali wa kuta zake. Mtoto aliyemchora hakusema uongo, amekisia tu. Na hilo ndilo sharti letu: safari ya fikra huwa elimu pale msafiri anapouliza waliofika, na hubaki ndoto pale anapojijibu mwenyewe.

Katika hili tunaye mwalimu wa kale. Sharif al-Idrisi, mwanajiografia Mwislamu, alikamilisha mwaka 1154 kitabu chake cha ramani za dunia akiwa Sicily, katika baraza la Mfalme Roger. Hakuzifikia kwa miguu yake nchi zote alizozieleza. Wasafiri waliitwa wakaulizwa, maneno yao yakalinganishwa, na yale waliyoafikiana ndiyo yaliyoandikwa. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alijifunza kwa kutembea. Al-Idrisi alijifunza mengi kwa kuuliza. Watoto wetu, ambao wengi wao hawana nauli ya Ngorongoro, wanaweza kuanza na njia ya pili.

Lipo kosa kubwa kuliko la twiga, nalo ni kuijaza ramani wanyama na kuwasahau watu. Karatu na maeneo yanayoizunguka ni miongoni mwa sehemu chache za Afrika ambako lugha za asili nne tofauti zimekuwa majirani. Wairaqw husema lugha ya Kikushi, Wamaasai na Wadatoga lugha za Kiniloti, wakulima waliohamia Mang'ola na Mto wa Mbu wengi wao ni Wabantu, na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wana lugha yao yenye sauti za kidoko, ambayo haijathibitishwa kuwa na ndugu. Suratul Hujurat, aya ya 13, inatufunza kuwa mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane. Atawajuaje watu hawa mtoto ambaye darasa lake limepita kwao likihesabu simba tu?

Na watu hao hawako mbali kama tunavyodhani. Hifadhi ya Ngorongoro iliundwa mwaka 1959 ili wanyamapori na wafugaji waishi pamoja, wakiwamo Wamaasai walioondoka Serengeti. Tangu mwaka 2022, serikali imekuwa ikizihamishia baadhi ya kaya kijiji cha Msomera, wilayani Handeni. Serikali imesema kuhama ni kwa hiari; wapo wafugaji waliopinga. Hatuamui shauri hilo hapa. Tunakumbusha tu kwamba Handeni imo katika Mkoa wa Tanga. Darasa letu linasafiri kwa chaki kwenda Ngorongoro, na katika mkoa wake huohuo wapo watoto waliosafiri kweli kutoka Ngorongoro, na mizigo juu. Akiwapo mmoja wao darasani, mwalimu ampe nafasi ya kusema kwao kukoje, kama atapenda kusema. Na wenzake wafunzwe kusikiliza pasi na kumcheka kwa mavazi yake wala lafudhi yake.

Nyumbani nako safari hii inawezekana. Anzieni jikoni. Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, hulima vitunguu kwa maji ya chemchemi yanayotoka nyanda za juu za Ngorongoro. Kitunguu kilichomo katika pilau ya Ijumaa huenda kimetoka huko, na msitu ukikatwa juu, shamba la chini litakauka. Mtume mtoto sokoni akamuulize muuzaji bidhaa yake imetoka wapi. Mpigieni simu ndugu aliyewahi kufanya kazi Karatu. Kila safari ijibu maswali matatu: watu wa huko wanaishi kwa kazi gani, wanasema lugha gani, na nini kinatoka kwao kuja kwetu?

Waanze kwa dua ya safari, maana ni nafasi njema ya kuihifadhi. Ila wakumbusheni kuwa safari hii hairuhusu kupunguza sala: adhuhuri ikiingia, basi la madawati linasimama, na rakaa ni nne kamili.

Wabillahi tawfiq.