Mawe ya Mwanza yanavyoweza kuchanganya vipima mionzi

Mwanza. Miamba ya graniti inayolipa jiji hili sura yake ina urani, thori na potasiamu kwa kiasi kidogo, hivyo hutoa mionzi ya gama muda wote. Kwa mkaguzi wa vyuma chakavu hiyo ni shida: kifaa kikilia, ni mawe au ni mzigo?

Nyutroni husaidia kujibu. Graniti karibu haizitoi, na zilizopo hewani, nyingi zikitokana na miale ya anga za juu, ni chache mno. Zikizidi kidogo tu, kuna jambo.

Hatari yenyewe ipo. Baadhi ya mashine za kupima ushindiliaji na unyevu wa udongo barabarani zina amerisi-241 na berili, mchanganyiko unaotoa nyutroni. Ikiibwa na kuyeyushwa tanurini, mafundi ndio wa kwanza kuumia.

Gesi ya heli-3, iliyozoeleka kunasa nyutroni, ni adimu na ghali. Mbadala mmojawapo ni kioo chenye lithi-6: nyutroni ikinaswa, kioo hutoa mmweko, nao unahesabiwa. Ila gama nayo humwekesha, lazima kifaa kizitofautishe.

Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC) ndiyo msimamizi kisheria. Lakini hata kifaa bora kinahitaji muda. Chembe zikiwa chache, lori likipitishwa fasta, hesabu haitoshi na mzigo unaonekana safi. Dakika chache za kusubiri ndizo ulinzi wenyewe.