Kibali cha Kuruka Mawinguni si Urasimu

Mkazi wa Kabuga, mashariki ya uwanja wa Kanombe, aghalabu huisikia ndege kabla ya kuiona. Siku ya mawingu mazito huenda asiione kabisa. Rubani naye, akiwa ndani ya wingu hilo hilo, haoni kilima wala ndege ya mwenziwe. Hutegemea vyombo vilivyo mbele yake na sauti ya mwongoza ndege. Safari ya namna hiyo haianzi bila kibali. Yafaa jambo hili lieleweke kwa askari wa jeshi na polisi, kwani kazi zao huwapeleka mara nyingi kwenye viwanja vidogo.

Kibali hicho hutaja mwisho wa safari iliyoruhusiwa, njia, kimo, masafa ya redio na namba ya kuitambulisha ndege kwenye rada. Rubani hana budi kuyarudia maneno hayo, kama vile mlinzi anavyorudia amri kabla ya kushika zamu. Penye mnara wa kuongozea ndege, kazi hii ni ya dakika chache. Pasipo na mnara, na pengine milima ikiwa imezuia redio, mambo huwa magumu.

Zipo njia tatu. Ya kwanza ni kupiga simu kwenye kituo cha uongozaji. Katika nchi kama Marekani, kibali cha simu huambatana na saa ya mwisho: rubani asiporuka kabla ya saa hiyo, kibali kimekufa, naye hana budi kutoa taarifa upesi. Sababu yake ni dhahiri. Mwongoza ndege amewazuia wengine ili kumwachia nafasi huyo mmoja, na akinyamaza, hajulikani kama yu chini salama au ameanguka. Njia ya pili ni kupitisha ujumbe kwa redio ya ndege nyingine iliyoko angani. Ya tatu ni kuruka kwa kutazama ardhi, kisha kuomba kibali huko juu.

Njia hii ya tatu ni halali hali ya hewa ikiwa nzuri, lakini ndiyo yenye mtego. Rubani huondoka akitumaini kujibiwa mara moja. Masafa yana msongamano, wingu linashuka, na bonde linazidi kuwa jembamba. Hawezi kupanda mawinguni bila kibali, na kurudi alikotoka kumekuwa kugumu.

Historia imetoa mafunzo machungu. Tarehe 27 Machi, 1977, katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, rubani wa ndege kubwa alipewa kibali cha njia, akaanza kukimbia ili aruke kabla hajaruhusiwa kuruka. Ndege nyingine ilikuwa bado katika njia hiyo hiyo, ndani ya ukungu. Watu 583 walikufa. Kibali cha njia ni kitu kimoja. Ruhusa ya kuruka ni kitu kingine.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, helikopta tatu za jeshi la Uganda zilianguka katika Mlima Kenya mwezi Agosti, 2012. Tarehe 5 Juni, 2018, ndege ndogo iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare, na watu wote 10 wakafariki. Hatusemi kwamba kibali ndicho kilichokosekana katika ajali hizo. Twasema kwamba mlima uliofichwa na wingu haujali cheo wala haraka ya msafiri.

Rwanda ni nchi ya vilima, na uwanja wenyewe wa Kanombe uko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Uwanja mpya wa Bugesera, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2017, utaongeza haja ya mpango katika anga hiyo moja. Kwa hiyo kila uwanja mdogo unastahili kuwa na simu ya uhakika ya kuwafikia waongoza ndege, na kila mpango wa safari uwasilishwe mapema.

Lakini simu haitoshi ikiwa mkubwa aliyeketi nyuma anamhimiza rubani aondoke. Ndani ya ndege, rubani ndiye kamanda. Akisema tungoje, tungoje. Askari anayejua maana ya amri ndiye anayepasa kuwa wa kwanza kuiheshimu hiyo.