Kabla ya Kumuuliza Yeye ni Nani, Mlipeni

Mwimbaji kijana wa Nairobi akialikwa redioni, kuna swali linamngoja pale hata kabla hajavaa zile hedifoni. Mtangazaji atamchekea kidogo, atamuuliza wimbo mpya unahusu nini, halafu atakohoa alilete: "Lakini dadangu, sauti ya Kenya ni gani? Wanaijeria wana Afrobeats, Watanzania wana Bongo Fleva, Wakongo wana rumba, Afrika Kusini wana amapiano. Sisi je? Utambulisho wetu uko wapi?"

Nimelisikia swali hili tangu nikiwa darasa la nne, nikiwa kwa matatu naenda shule. Sa hii niko na miaka 26 na bado linaulizwa, tena kwa sauti ile ile ya mzazi anayekagua ripoti ya shule. Wacha niseme wazi: limetuchosha. Na zaidi ya kutuchosha, ni swali la kukwepa. Mtangazaji huyo ana swali lingine angeweza kuuliza, na nusu ya jibu iko kwa faili za kituo chake mwenyewe: huu wimbo wako tumeupiga mara ngapi mwaka huu, na wewe umeona shilingi ngapi?

Niko na rafiki anayeimba. Jina lake naliacha, kwa sababu bado anatafuta shoo kwa watu hao hao ninaowasema hapa. Ana miaka 23, anaishi Umoja, mamake ni Mkamba wa Machakos, babake ni Mluhya wa Kakamega. Kuimba sauti ya pili alifunzwa na kwaya ya kanisa. Zilizopendwa alizipata kwa redio ya babake Jumapili mchana. Dancehall aliipata kwa nganya za kwenda tao. Kiluhya anakisikia vizuri, lakini akikijibu nyanyake anacheka mpaka anashika mbavu. Akiimba, vyote hivyo vinatoka pamoja, na Sheng juu.

"Watu huniuliza utambulisho kama wanaitisha kitambulisho," aliniambia siku moja. "Ni kama karao amenisimamisha usiku. Lazima nitoe kitu nionyeshe. Na nikitoa wimbo wangu, ananiambia hii si yako, umeiba kwa Wajamaika."

Basi tuanze na hiyo tuhuma ya wizi.

Wazee wakitaka kutuaibisha hutaja benga. Sawa, tuitaje. D.O. Misiani, ambaye wengi humwita mfalme wa benga, alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania, akaja kujengea jina Kenya, na bendi yake ikabeba jina la kwao: Shirati Jazz. Gitaa lenyewe lilikuja na wageni. Vidole vya wapigaji wengi wa miaka ya 1950 vilifunzwa na santuri za Kongo, za akina Mwenda Jean Bosco, kisha Wajaluo wakaweka juu yake ule mdonoo waliokuwa nao tayari kwa nyatiti. Hivyo ndivyo kitu tunachokiita chetu kilivyopatikana. Kilichukuliwa hapa, kikaokotwa pale, kikapigwa mpaka kikazoea nyumba.

Teremka Pwani. Juma Bhalo alivisha mashairi ya Kiswahili melodi za filamu za Kihindi, na Zein l'Abdin wa Lamu alijulikana kwa udi, ala ya Waarabu. Nenda leo Mombasa ukamwambie mzee aliyekaa barazani kwamba Bhalo hakuwa wa kwao kwa sababu ya zile melodi. Utafukuzwa kahawa ikiwa bado moto.

Rudi Nairobi. Kalamashaka walitoka Dandora miaka ya mwisho ya 1990 na hip hop, mtindo uliozaliwa New York, wakauimba kwa Kiswahili cha mtaa wao. Baadaye Clemo na Calif Records wakatuletea genge, na Nonini na Jua Cali. Wakati huo pia kulikuwa na watu waliouliza mbona vijana wanaiga Wamarekani. Leo hao hao ndio hutuambia, "Zamani Kenya ilikuwa na muziki, si kama hizi kelele zenu." Mwaka 2018 Ethic wa Umoja wakatoa "Lamba Lolo", gengetone ikaanza kushika, na wimbo ukaimbwa upya: hii si sauti ya Kenya. Sasa kuna arbantone, inayochota midundo ya zamani ya dancehall na genge, na hukumu ni ile ile. Mnaona mchezo? Muziki wa kijana hauwi wa Kenya mpaka kijana azeeke. Akifikisha miaka arobaini na tumbo, anapewa cheti.

Hapo ndipo umri unapoingia. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 260, inasema kijana ni mtu wa kuanzia miaka 18 mpaka kabla ya kufika 35. Hiyo ni miaka kumi na saba. Ni muda wa kuzaa mtoto na kumwona akinyoa ndevu. Lakini kwa hotuba za wakubwa, miaka hiyo yote ni ya kungoja: nyinyi ni viongozi wa kesho, nyinyi ni wasanii wa kesho, vumilieni.

E-Sir hakuwa na kesho ya kungoja. Alifariki kwa ajali Machi 2003, akirudi kutoka Nakuru, akiwa na miaka 21. Kila kitu anachokumbukiwa nacho, ile njia ya kuuchezea Kiswahili kama mpira wa karatasi mguuni, alikifanya kabla ya umri ambao rafiki yangu yuko nao leo. Mtu akikwambia kijana bado hajapata sauti yake, mtajie huyo.

Rafiki yangu anaitwa chipukizi tangu akiwa na miaka 18. "Huo ni mti gani haukui?" huuliza. Nami namwambia kwamba neno hilo halihusu mti, linahusu bei. Msanii chipukizi hupewa jukwaa saa kumi na mbili jioni, watu wakipanga viti, na huambiwa ashukuru kwa nafasi. Chipukizi hujilipia nauli, hununua nguo, huja na wacheza densi wake wawili ambao pia watakula kwake. Promota humwambia, "Wewe bado, tunakujenga." Watu wa vyombo wanalipwa, wa hema analipwa, mabaunsa wanalipwa, hata wa soda hatoki mikono mitupu. Anayejengwa ndiye hulala njaa.

Najua lugha hiyo kwa sababu hata sisi wa kalamu tunaongeleshwa hivyo. Nilitoka chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, nikaanza kuandika kwa malipo ya kila makala. Kuna mhariri aliwahi kunieleza kwamba malipo yangu ni jina langu kuonekana. Nilimuuliza kama landilodi pia huchukua jina. Hakunijibu, na kazi hakunipa tena.

Tuongee hesabu basi. Wimbo wa mwisho wa rafiki yangu ulimgharimu shilingi elfu saba kwa studio ndogo ya mtaani, na elfu thelathini kwa video. Pesa zilitoka kwa viatu vya mitumba anavyouza. Mwaka huo aliitwa shoo tatu. Aliyelipa ni mmoja.

Na si ati sheria haipo. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa ubunifu wa sanaa. Kifungu cha 40 kinaitaka serikali kulinda mali ya ubunifu ya Wakenya. Kufikia 2019 kulikuwa na vyama vitatu vya kukusanya mirabaha: MCSK ya watunzi na wachapishaji, KAMP ya watayarishaji, na PRISK ya waimbaji na wapigaji ala. Redio, baa, hoteli, duka, matatu, kila anayepiga muziki kwa biashara yake anafaa kulipia leseni. Mwaka 2019 sheria ya hakimiliki ilirekebishwa ikaandika kwamba kwa mapato ya nyimbo za kuitikia simu, zile tunaita Skiza, mwenye haki asipate chini ya asilimia 52. Kwa karatasi, mambo ni safi kabisa.

Lakini mwaka huo huo wa 2019, MCSK ilipogawa pesa, mgao wa jumla kwa kila mwanachama ulikuwa shilingi 2,530. Hebu rudi kwa zile elfu saba za studio uone. Mgao huo haufiki hata nusu ya kurekodi wimbo mmoja, na hapo bado hujala. Ndiyo maana nikisikia mtu aliyeshiba akiuliza utambulisho wa muziki wetu uko wapi, nataka kumjibu kwamba uliuzwa Gikomba pamoja na gitaa, kodi ilipofika.

Sasa najua kuna msomaji ameshika kiuno. Atasema: lakini nyimbo zenyewe ni matusi, nani alipie uchafu? Hiyo hoja naiheshimu kuliko ile ya utambulisho, kwa hivyo wacha niijibu bila kuzunguka. Mwaka 2019 Ethic walitoa "Tarimbo", wimbo uliochezea ubakaji. Wanawake waliopaza sauti walikuwa na haki, wimbo ukaondolewa YouTube, na kundi likaomba radhi. Hapo sina utetezi na sitafuti. Mwanamke yeyote wa mtaa anajua tofauti kati ya utani wa ngono na kutishwa, na ikiwa sisi vijana tunataka kuheshimiwa, lazima tuijue pia.

Lakini angalieni kilichofanywa na hasira hiyo. Wakubwa waliichukua wakaipaka kila kitu kilichotoka Eastlands. Bodi ya filamu ilishasema "Wamlambez" ya Sailors ibaki kwa baa na klabu, na polepole neno gengetone lenyewe likawa kama kosa la polisi. Na huyu rafiki yangu, ambaye haimbi matusi, anapata nini kwa usafi wake? Ametembea na wimbo kuhusu mamake kwa vituo viwili. Kimoja kilimwambia ni mzuri lakini hauchangamshi. Usiku, kituo hicho hicho kinapiga zile nyimbo kinazozilaani asubuhi. Kama tungekuwa tunalipa maneno mazuri, maneno mazuri yangeongezeka. Mkulima hupanda kinachonunuliwa.

Wengine hushika lugha. Ati Sheng inaua Kiswahili, na mtu asiye na lugha hana utambulisho. Jamani, mtoto wa Mkamba na Mluhya aliyezaliwa Umoja, akacheza na watoto wa Wajaluo, Wakikuyu na Wasomali, mlitaka aongee lugha gani? Kiswahili sanifu amekisoma, akapata B. Ngeli anazijua. Akiandika wimbo huchagua, kama mtu anavyochagua viatu vya kwenda mahali. Sheng ndiyo anuani yake. Ukitaka kujua kijana ametoka mtaa gani na mwaka gani, msikize anavyoita pesa.

Na kama bado mnasisitiza kwamba muziki wetu hauna mizizi, kumbukeni Juni 2024. Vijana walitoka kupinga Mswada wa Fedha, na mojawapo ya nyimbo zilizochezwa barabarani, moshi wa vitoa machozi ukiwa hewani, ilikuwa "Anguka Nayo" ya Wadagliz. Ni arbantone, wimbo wa densi, ule ule aina mnayosema hauna kitu. Hakuna kamati ya utamaduni iliyokaa kuuchagua. Watu waliokuwa wamebeba bendera na chupa za maji waliujua wote, kutoka Kitengela hadi Githurai, na waliuinama pamoja na kuuinuka pamoja. Tarehe 25 kuna waliotoka nyumbani na hawakurudi. Wenzao walipoimba, hawakuulizana sauti ya Kenya ni gani.

Kwa hivyo ninayotaka si makubwa.

Promota: lipa nusu kabla ya siku ya shoo, kwa M-Pesa, na nusu kabla msanii hajashuka jukwaani. Kama huna pesa ya wasanii sita, ita wawili.

Mwenye klabu na mwenye matatu: lipieni leseni, kisha muulize kwa sauti pesa zenu zilienda kwa nani. Nyinyi mkiuliza mtasikizwa haraka kuliko mwimbaji.

Vyama vya mirabaha: wekeni wazi kila mwaka nani alikusanyiwa ngapi, ofisi ilikula ngapi, na kwa nini.

Dijei: taja jina la aliyeimba. Hiyo haina gharama hata ya mia.

Waimbaji: jiandikisheni, sajilini kazi zenu, andikianeni mkataba hata na rafiki mliyesoma naye. Mkiitwa chipukizi, ulizeni ni kwa shilingi ngapi.

Na wewe mtangazaji, wiki ijayo utakuwa na kijana mwingine hapo mbele yako. Weka lile swali la utambulisho kando. Muulize wimbo ulimgharimu ngapi, umemrudishia ngapi, na nani ana deni lake. Mpe nafasi amtaje huyo mdeni hewani, hata kama ni kituo chako. Akishamaliza, na ukiwa bado unataka kujua yeye ni nani, piga wimbo wake mpaka mwisho bila kuukata ulete tangazo.